Mwaka Nilioitunza Bustani ya Jentrix

Jumapili, mwisho wa Novemba. Chekalini.

Asubuhi kumenyesha kidogo tu, mvua ya kutuliza vumbi. Mchana kutwa jua limekuwa la wastani, na sasa linateremka nyuma ya misaipresi mizee ambayo mzungu mwenye shamba aliiacha hapa kabla wazazi wetu hawajagawiwa vipande vyao. Mahindi yameshavunwa. Kumebaki mabua, na upepo ukipita humo unasikika kama mtu anapepeta kitu.

Niko kwenye benchi nje ya jiko. Jentrix, mke wangu, yuko ndani. Amelala, au amefumba macho tu. Siku hizi siwezi kutofautisha.

Sijaandika hapa tangu arudi kutoka Uarabuni. Wachache mnaosoma blogu hii mlinitumia pongezi, na nawashukuru. Nilitaka kuandika kwamba nina furaha. Nikaanza mara kadhaa, nikafuta.

Nilidhani upweke ungeisha siku nitakayomwona akishuka.

Haukuisha.

Leo nimemwomba ruhusa niandike habari zetu. Akasema, "Andika. Lakini usiweke picha yangu." Kwa hiyo naandika, na nitaanza mwanzo, kwa sababu kilichotokea leo mchana hakiwezi kueleweka bila mwaka mzima uliokitangulia.

Aliondoka Januari, wakati udongo wa huku umepasuka na ng'ombe wanakula hata majani ya migomba. Duka lake la ushonaji pale sokoni lilikuwa limefungwa. Mtoto hatujajaliwa. Alisema kama mtoto hakuja, basi angalau tupate nyumba ya matofali, na wakala mmoja wa mjini akamtafutia kazi ya nyumbani huko ng'ambo. Mkataba wa miaka miwili. Nilisema tufikirie kwanza. Alikuwa ameshamaliza kufikiria.

Siku moja kabla ya kuondoka alinizungusha bustanini. Lazima nikiri kwamba mimi bustani ile nilikuwa naipita tu. Nafundisha hesabu shule ya msingi, na jioni nina mahindi na maharagwe. Maua yalikuwa mambo yake na wanawake wenzake wa kanisani, wanapeana vipandikizi baada ya ibada, wanabishana majina. Kwangu yote yalikuwa maua.

"Hii ni jeraniamu," aliniambia. "Hii ni dalia, usiimwagilie sana, inaozanga. Waridi zikate mvua ikikaribia. Na hapa kwa ukuta usilime hata kama huoni kitu. Kuna kitu chini."

"Kitu gani?"

"Utaona mvua ikikuja."

Nilikuwa naitikia kama mwanafunzi ambaye hajasikia. Nilikuwa nautazama mkono wake ukionyesha hiki na kile, nikifikiria kwamba kesho yake mkono huo hautakuwa hapa.

Wiki za kwanza tuliongea karibu kila siku. Kisha nikagundua kwamba sina la kumwambia. Shule ni ile ile. Afya ni nzuri. Nimekula. Umekula? Ndiyo. Nasikia sauti ya nyumba ya watu nyuma yake, mtoto analia, mtu anaita, naye anasema lazima aende.

Siku moja akaniambia kwamba chumba chake kina dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani, na katikati hakuna hata jani.

"Niambie kitu kinachoishi," alisema. "Chochote. Kwa bustani hakuna kitu?"

Nikasema nitaangalia.

Ndivyo nilivyoanza kuangalia. Si kwa kupenda maua. Nilitaka tu kuwa na la kusema jioni.

Ulikuwa ukame bado. Nilikuwa namwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, na karai nikaliacha chini ya mti wa lusiola. Kesho yake nikakuta ndege aina ya shore wanaoga humo, wanagombana kama watu kwenye bomba. Nikamrekodia. Siku nyingine wakaja wale ndege wa kijivu wenye mikia mirefu ambao huning'inia matawini tumbo likiwa nje kuota jua. Sikujua jina lao, sijui hata sasa. Nikamweleza tu walivyo. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti na nikamsikia akicheka, cheko la kuziba mdomo ili wenye nyumba wasisikie. Akasema, "Hao ni wezi. Watamaliza mapapai. Wafukuze, lakini si sana."

Nilisikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa.

Mvua zikaja mwishoni mwa Machi. Pale chini ya ukuta, mahali ambapo sikuona kitu, udongo ukapasuka na vikatoka vikonyo vinene bila jani hata moja, na kila kikonyo kikafungua juu yake mpira mwekundu wa nyuzi nyembamba, mkubwa kama ngumi zangu mbili. Nilikuwa nimeoa miaka yote hii na sikuwahi kuyaona maua hayo. Au niliyaona nikapita.

Nilimtumia picha. Akaandika neno moja tu: "Yameamka."

Wiki ile ile kumbikumbi wakatoka. Jirani yetu, Mama Protus, mjane anayeishi ng'ambo ya ua wetu, akaja na beseni na gunia akakaa juu ya kichuguu chetu kana kwamba ni chake. Hapo ndipo alipomwona kinyonga kwenye waridi. Akaruka kama msichana, na si msichana tena.

"Mwalimu, leta fimbo. Hiyo kitu ni mbaya."

"Mwache, mama. Anakula nzi."

"Utakuja kuniambia. Mtu akiishi peke yake anaanzanga kufuga vitu."

Nilimwambia Jentrix maneno hayo. Akasema Mama Protus ana haki, lakini kinyonga abaki. Tulipanda mahindi, yakaota, nikapalilia. Jioni nilikuwa nazunguka bustani na simu mdomoni, naeleza. Dalia ya zambarau imetoa matumba. Nyuki wameingia kwenye tundu la mti uliokauka. Fuko amechimba tuta jipya kando ya maua ya kana, nimefukia, amechimba tena. Nilianza kutumia maneno yake. Nilianza kujua jeraniamu kwa harufu ya jani likisuguliwa, na nilijua siku ambayo chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, angekuja kwa kuangalia ua la kana limefunguka au bado.

Mwezi wa tano ujumbe wangu ukaacha kufika.

Tiki moja. Kesho yake tiki moja. Nikapiga, simu imezimwa. Nikajiambia ni mtandao. Nikajiambia amebadilisha laini. Wiki ikapita. Nikampigia wakala, akasema atafuatilia, na baada ya hapo naye akaacha kushika simu. Nikaenda mjini mpaka ofisini kwake. Mlango umefungwa, na mwenye duka la chini akaniambia sikuwa wa kwanza kuja kuuliza. Nikaenda kwa chifu. Nikaandikisha polisi. Nikaambiwa nisubiri, kesi kama hizi ni nyingi.

Nilirudi nyumbani jioni ile na nikafanya jambo ambalo Mama Protus baadaye aliwasimulia watu kama ushahidi kwamba akili imenitoka. Nilisimama kando ya kana nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikasema kama kawaida: "Jentrix, leo nimechelewa kidogo. Waridi jeupe limechanua mawili."

Na kesho yake tena. Na siku iliyofuata.

Nilijua hazifiki.

Sikuwa mjinga. Niliona ile tiki moja. Lakini nilihofia kwamba nikiacha siku moja tu, nitakuwa nimekubali kitu ambacho sikutaka kukitaja jina.

Mwezi wa sita baridi ikaingia, ukungu asubuhi mpaka vipindi vya kwanza shuleni. Chozi jike alianza kujenga. Alichagua waya wa kuanikia nguo, pale unapofungwa kwenye nguzo karibu na boganvilia. Alileta utando wa buibui, nyuzi za gunia, vipande vya magome, manyoya ya kuku wa Mama Protus. Dume alikuwa anakaa juu ya antena, anang'aa kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji, anaimba tu. Kazi yote ilikuwa ya jike. Kiota kikaning'inia kama soksi kuukuu, na nikaacha kuanika nguo upande ule. Nikarekodi kila hatua. Nilieleza kwa urefu, kwa sababu nilikuwa na urefu wote wa jioni.

Kisha mvua ya mawe ya Julai. Mnaoishi Lugari mnaikumbuka. Ilipiga alasiri nikiwa shuleni, na nilipofika nyumbani mahindi yamechanwa kama nyuzi, dalia zimelala, majani ya kana yamekuwa vitambaa. Kiota kilikuwa chini. Makinda mawili, hayana manyoya, yameshakufa. Jike alikuwa amekaa kwenye waya, pale kilipokuwa kimefungwa.

Nilishika simu nikaanza kurekodi nikashindwa. Ilibaki mvua ya mwisho tu ikidondoka kutoka kwenye mabati, na mimi nikipumua. Nikautuma hivyo hivyo.

Likizo ya Agosti kaka yangu mkubwa, Wanjala, akaja kutoka Lumakanda. Alizunguka boma mikono nyuma, akatazama mahindi niliyonusuru, akatazama bustani ambayo nilikuwa nimeshaanza kuinyanyua kwa vijiti na kamba.

"Hii mahali ungepanda napia," akasema. "Ng'ombe anakonda na wewe unafunga maua bandeji."

"Ni ya Jentrix."

"Jentrix ako wapi?"

Nikaendelea kufunga kamba.

"Ndugu yangu, nisikilize. Mwanamke akinyamazanga hivi, ujue ako kwa mwingine. Ama hayuko. Yote mawili, wewe bado kijana. Kuna dada mmoja wa kwaya kwetu, mtu mzuri, nimeshaongea na mama yake."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nakuuliza sasa."

Nilimwambia aende salama. Sikumfokea, wala yeye hakunifokea. Alipofika kwenye lango aligeuka akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimeshafikiria yote aliyoyasema, na mabaya zaidi. Kuna jioni nilimchukia. Nilikuwa nafunga dalia na kamba huku nikimwona amekaa mahali pazuri, ameshiba, anacheka lile cheko la kuziba mdomo na mtu mwingine. Kisha nabonyeza kitufe, nasema dalia ya zambarau imeshika.

Septemba mjakaranda wa njiani ukamwaga zambarau barabara nzima. Oktoba tukavuna, kile kilichobaki. Siku iliyofuata korongo wenye mataji walishuka kwenye mabua, kundi zima, wanatembea polepole wakiokota punje kama wakaguzi. Nilikuwa nimeinua simu niwapige picha ilipoita mkononi. Nambari ndefu, ya nje.

Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha nyumbani.

"Wewe ndiye Mwalimu? Mimi hunijui. Niko na Jentrix hapa. Usiogope, ako hai."

Nilikaa chini kwenye mabua.

Yule mwanamke alieleza haraka haraka, kwa sababu simu haikuwa yake. Wako kwenye makazi ya wafanyakazi waliotoroka, wanasubiri karatasi za kurudi. Jentrix alinyang'anywa simu mwezi wa tano. Alifungiwa. Mkono wake wa kulia uliungua mafuta jikoni na hakupelekwa hospitali. Alitoka siku mlango ulipoachwa wazi, akatembea mpaka akaona watu weusi wenzake.

"Mpe niongee naye," nikasema.

Nikasikia wakinong'onezana, kisha yule mwanamke akarudi. "Anasema ataongea akifika."

Nilimpokea Nairobi katikati ya mwezi huu. Watu walikuwa wanakumbatiana na kulia pande zote. Yeye alitoka na mfuko mmoja wa plastiki, amevaa sweta isiyo yake, na alinipa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa kidogo kama mzazi anayemsalimu mwalimu wa mtoto wake.

"Habari za siku nyingi," akasema.

Nilikuwa nimeandaa bustani. Nilikata nyasi, nikachora njia kwa mawe, nikahamishia jeraniamu mbele ambako angeziona kwanza. Ua la Krismasi limeanza kuwa jekundu mapema, kama kwamba lilijua. Tulifika asubuhi, akaipita yote akitazama chini, akaingia ndani, akafunga pazia.

Tangu siku hiyo anakaa kwenye kiti kilichogeuzia dirisha mgongo. Anakula akiwa amesimama. Anaosha vyombo vilivyooshwa. Nikimwuliza kitu anasema "ndiyo" kabla sijamaliza, na nikimwuliza amekubali nini hajui. Hospitali ya kaunti wameutazama mkono, wamesema vidole viwili havitakunjika vizuri tena, na wametupa siku ya kuonana na mshauri. Nimemwambia twende nje tuone maua. "Kesho," anasema. Kila siku ni kesho.

Nilipokuwa peke yangu nilikuwa naongea. Tangu arudi nimekuwa bubu. Hilo ndilo nililoshindwa kuliandika.

Sasa, leo.

Tulikuwa tumemaliza chakula cha mchana, au mimi nilikuwa nimemaliza, Mama Protus alipoingia akitoka kanisani, ana sufuria ya ingokho, kuku wa kienyeji, imefunikwa kwa kitambaa. Mulembe, mulembe, tukasalimiana. Akaketi bila kukaribishwa, akamtazama Jentrix kutoka kichwani hadi miguuni, na hakumpa pole. Watu wengine wote wamempa pole mpaka imekuwa mzigo. Yeye akasema, "Umekonda, lakini ngozi imekaa vizuri. Kula hii, niliichinja mwenyewe, ilikuwa inanisumbua."

Jentrix akachukua kipande. Akakila akiwa amekaa.

Mama Protus akaanza habari za kijiji, nani amezaa, nani ameuza ng'ombe. Kisha akasema, kama mtu anayesimulia jambo la jirani wa mbali:

"Na huyu bwana yako alitusumbua. Kila jioni hapo kwa maua anaongea na simu. Anaongea, anaongea. Siku ya mvua ya mawe nikamwona amesimama tu, analia kwa simu. Tukasema basi, huyu amerukwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Jentrix alikuwa ameacha kutafuna.

"Ulikuwa unaongea na nani?" akaniuliza.

"Na wewe."

"Simu walichukua mwezi wa tano."

"Najua. Niliona hazifiki."

"Ukaendelea?"

"Niliendelea."

Akarudisha kipande kwenye sahani. Mama Protus, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuingilia.

"Mimi nilijua umechoka," Jentrix akasema. Alikuwa anautazama mkono wake. "Yule mama mwenye nyumba alikuwa ananionyesha simu yangu kwa mbali, ananiambia, ona, hakuna mtu amekutafuta. Hakuna hata mmoja. Nilimwamini. Nikasema sawa, ni haki yake, mimi ndiye niliondoka bila kumsikiza."

Miezi yote ile kila mmoja wetu alikuwa ameketi kwenye chumba chake akiamini mwenzake ndiye aliyenyamaza. Nilitoa simu mfukoni. Sauti zote ziko humo bado, nimezihifadhi. Nikamnyooshea.

"Ziko hapa. Unaweza kuzisikiliza zote."

Hakuipokea.

"Sitaki za zamani," akasema. "Nitaogopa. Niambie ya leo. Leo kuna nini?"

Tangu arudi sikuwa nimeangalia bustani hata mara moja. Nilikuwa namwangalia yeye tu. Mchana na usiku nautazama uso wake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Sikujua kama nyuki wako. Sikujua kama waridi limetoa matumba.

"Sijui," nikamwambia. "Sijaangalia."

"Basi nenda uangalie."

Mama Protus akasimama, akachukua kitambaa chake, akaacha sufuria. "Mimi naenda," akasema. Na akaenda kweli.

Nikatoka. Nilizunguka polepole, kama nilivyokuwa nafanya. Niliporudi Jentrix alikuwa amevuta kiti mpaka mlangoni, nusu ndani nusu nje, kivuli cha mabati kikimkata magotini. Nikachuchumaa kwenye ngazi nikamwambia. Nyuki wapo, wanaingia na miguu ya njano. Ua la Krismasi ni jekundu upande wa jua na kijani upande wa ukuta. Dalia zimekauka juu, nafikiri ni wakati wake. Kuna chozi jike anatoa utando wa buibui chini ya kingo za paa, lakini sikuona anapoupeleka. Kinyonga sikumpata. Korongo wawili wako kwa Mama Protus, wamekaa mbali na wenzao. Kando ya bomba kumeota ua dogo la buluu ambalo sikulipanda.

"Lina majani ya mviringo ama marefu?"

"Marefu."

"Hilo ni gugu. Ling'oe." Kisha baada ya muda: "Hapana. Liache limalize."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kuamua jambo la bustani. Nilikuwa naogopa kugeuka nimtazame, nisije nikaiharibu.

"Nataka kwenda kwa mama," akasema.

Mama yake anaishi Likuyani. Si mbali. Lakini nilijua hasemi habari ya kutembelea.

"Kukaa?"

"Kidogo. Sijui. Hapa unanitazama sana. Si vibaya. Lakini siwezi kupumua ukinitazama hivyo. Mama hanitazami, ataninunia tu na kunipa mboga nichambue."

Nikasema sawa. Ilinichukua muda, lakini nilisema. Nikamwambia nitampeleka kesho asubuhi, shule zimefungwa. Na siku ya mshauri ikifika nitamfuata huko twende pamoja. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akasema kwa mama yake hakuna ua hata moja. Ni kweli, mahindi pale hupandwa mpaka yanagusa mlango. Akaniuliza kama naweza kumkatia vipandikizi abebe, kwa sababu mkono wake haushiki kisu.

Nimekaa na swali hilo tangu saa ile. Mtu anayekwenda kukaa kidogo anataka vipandikizi vya nini? Jeraniamu inataka miezi kabla haijafanana na kitu. Waridi linataka mwaka. Labda anaanza maisha mengine huko, na hakuwa na namna nyingine ya kuniambia. Labda ni mara ya kwanza tangu Mei ametaka kitu chochote, na kilichotokea ni kwamba alitaka hiki. Sikumwuliza. Angesema "ndiyo."

Nilichukua kisu cha jikoni nikakinoa kwenye jiwe. Mlangoni alikuwa amekaa, akielekeza kwa kidevu. Si hiyo, hiyo ni changa. Chini ya kifundo. Ondoa majani ya chini. Kulikuwa na matawi dhaifu ambayo ningeweza kumkatia, yale ambayo hunyauka baada ya wiki mbili, na sitasema kwamba wazo hilo halikunijia. Nilikata yenye nguvu. Jeraniamu nne, waridi jeupe, ua la Krismasi, na mizizi miwili ya kana na udongo wake. Nikafunga kwenye gunia, nikalilowesha, nikaliweka kivulini karibu na mlango.

Jua limezama nikiandika. Ndani taa imewashwa, nasikia akikunja nguo, anakwenda polepole kwa sababu ya mkono. Sijui kesho jioni nitazunguka bustani nikiongea na nani. Nafikiri nitazunguka tu.

Gunia nimeligusa sasa hivi. Bado lina maji ya kutosha kufika.